Wakfu wa familia upimwe kwa mamlaka unayoachia

Tangu serikali ya Marekani ilipolifunga rasmi shirika lake la misaada, USAID, Julai 2025, wakurugenzi wengi wa asasi za Nairobi, Arusha, Kampala na Bujumbura wamegeukia upande mwingine wa fedha za Kimarekani, yaani wakfu za familia. Tajiri fulani, au warithi wake, hutenga sehemu ya mali, huiwekeza, na kila mwaka hutoa ruzuku kutokana na mfuko huo. Nyingi hutoa kwa hospitali, vyuo na majumba ya sanaa ya mji wao. Lakini zipo chache zinazojitambulisha kuwa za kimageuzi. Hizo husema zinapigania haki za wanyonge, hali ya hewa, usawa wa rangi na jinsia, na kwamba zinataka kung'oa chanzo cha umaskini badala ya kutuliza maumivu yake.

Fedha zao haziwezi kuziba pengo lililoachwa na serikali nzima. Hata hivyo asasi nyingi zitaishi au kufa kwa namna familia hizi zinavyoamua kutoa, kwa hiyo ni muhimu tujue tunazipima kwa kipimo gani. Mazoea ni kuangalia orodha ya mambo zinayoyafadhili. Ukiona "uongozi wa wanawake" na "haki ya mazingira", unasema hawa ni wenzetu. Kwa maoni yangu orodha hiyo haitoshi kabisa. Wakfu unaweza kufadhili mambo yote mazuri duniani huku familia ikiendelea kushikilia kila uamuzi. Swali langu ni moja: ni mamlaka kiasi gani familia hiyo iko tayari kuyaachia mikononi mwa watu inaosema inawasaidia?

Kisa kinachofundisha zaidi kina umri wa zaidi ya karne moja. Julius Rosenwald alizaliwa mwaka 1862 mjini Springfield, Illinois, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Ujerumani. Alianza na biashara ya nguo, mwaka 1895 akanunua sehemu ya kampuni ya Sears, Roebuck ya Chicago, na kampuni hiyo iliyouza bidhaa kwa katalogi na posta ikamfanya tajiri mkubwa. Mwaka 1911 alikutana na Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee, Alabama. Mwaka uliofuata, akitimiza miaka 50, alimpa dola 25,000 zisaidie vyuo vilivyofuata mfano wa Tuskegee. Fedha zikabaki kidogo. Washington akamwomba ruhusa ya kuzitumia kujenga shule sita ndogo za watoto weusi vijijini, naye Rosenwald akakubali.

Tazama wazo lilitoka kwa nani. Halikutoka Chicago kwa mwenye fedha. Lilitoka kwa watu walioishi Alabama na kuona kila siku jinsi kodi ya mkulima mweusi ilivyokusanywa sawasawa na ya mweupe, kisha ikaenda kujenga shule ya watoto weupe. Michoro ya shule za mwanzo nayo ilitoka Tuskegee, kwa Robert R. Taylor, Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha MIT. Madirisha yalikuwa makubwa kwa sababu vijiji vile havikuwa na umeme na mtoto alipaswa kusoma kwa mwanga wa jua.

Kutokana na zile sita, mpango huo ulikua hadi kufikia shule 4,977 katika majimbo 15 ifikapo mwaka 1932. Gharama ya jumla, pamoja na nyumba za walimu na karakana, ilizidi dola milioni 28. Mfuko wa Rosenwald, ulioanzishwa rasmi mwaka 1917, ulichangia takriban milioni 4.4. Watu weusi wenyewe, wengi wao wakulima wa mashamba ya kukodi, walichangia takriban milioni 4.7. Maskini walitoa zaidi ya tajiri. Walileta mbao, walitoa siku za kazi, waliuza kuku na vyakula, na kuna vijiji vilivyotenga kipande cha shamba la pamba ili mavuno yake yawe ya shule. Msomaji wa Kenya aliyesoma katika shule ya harambee anaijua hadithi hii bila kuhadithiwa.

Rosenwald alikuwa na sharti: hatoi mpaka wengine nao watoe, na shule iliyojengwa lazima ikabidhiwe kwa mamlaka ya elimu ya eneo hilo, iwe shule ya umma. Upande mmoja wa sharti hili ulikuwa na akili nyingi. Maofisa weupe wa kaunti, waliozoea kumpuuza mtoto mweusi, walijikuta wanawajibika kutoa fedha za kodi. Zaidi ya dola milioni 18 katika zile 28 zilitoka kwenye hazina ya umma. Fedha kidogo ya familia moja iliilazimisha serikali kutimiza sehemu ya wajibu wake, na sijui matumizi bora ya fedha binafsi kuliko hayo.

Lakini sharti hilohilo lilimwangukia pia mkulima ambaye tayari alikuwa amelipa kodi. Huyo alilipa kwa kodi, akalipa tena kwa mchango, kisha akatoa na nguvu zake, ili apate kitu ambacho jirani yake mweupe alikipata bure. Watetezi wa Rosenwald husema mchango uliwapa watu moyo wa kuimiliki shule yao. Sikubaliani nao. Watu wale hawakuhitaji kufundishwa kuthamini elimu. Babu na bibi zao walikatazwa kusoma kwa sheria enzi za utumwa, na njaa yao ya shule ilijulikana. Kuibana serikali ilikuwa haki. Kumbana mkulima aliyelipa mara mbili hakukuwa haki, hata kama kulikuza idadi ya shule. Nalitaja hili kwa sababu hadi leo ombi la "mchango wa jamii" linaandikwa kwenye mikataba ya ruzuku kana kwamba ni jambo lisilo na mjadala. Kabla ya kulikubali inafaa kuuliza kama jamii hiyo haijachangia tayari, kwa kodi na kwa jasho, kitu ambacho haijapewa.

Kasoro nyingine ni kwamba mfuko ule haukuthubutu kuishambulia sheria ya ubaguzi yenyewe. Ulijenga shule bora ndani ya mfumo wa kutenganisha. Mambo yalianza kubadilika baada ya mwaka 1928, ulipopata rais wa kuajiriwa, Edwin Embree, na kuanzisha ruzuku kwa mtu mmojammoja: mwandishi, mchoraji, daktari, mtafiti. Hapa mfadhili aliacha kuamua nini kifanyike. Aliwapa watu muda na posho, wakafanya kazi zao. Waliofaidika ni pamoja na mwimbaji Marian Anderson, mwanazuoni W.E.B. Du Bois, waandishi Langston Hughes na Zora Neale Hurston, mcheza dansi Katherine Dunham na mtaalamu wa siasa Ralph Bunche. Jacob Lawrence alipata ruzuku hiyo mwaka 1940 akiwa kijana wa Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, akaitumia kuchora picha 60 kuhusu uhamaji wa watu weusi kutoka Kusini kwenda Kaskazini. Mwanasaikolojia Mamie Clark aliipata pia. Utafiti alioufanya na mumewe Kenneth, wa kuwaonyesha watoto weusi wanasesere weupe na weusi na kuwauliza yupi mzuri, ulikuwa sehemu ya ushahidi uliotajwa Mahakama ya Juu ya Marekani ilipopiga marufuku ubaguzi shuleni mwaka 1954.

Kwa hiyo mfuko uliokwepa kupambana na ubaguzi uso kwa uso ulimlipa mtu ambaye kazi yake ilisaidia kuubomoa. Nashuku bodi ingeombwa fedha za "mradi wa kuangusha sheria ya ubaguzi" ingekataa. Iliwezekana kwa sababu mtafiti hakupangiwa matokeo.

Halafu kuna suala la muda. Mwaka 1928 Rosenwald aliwaagiza wadhamini kwamba mtaji na faida yake yote vitumike ndani ya miaka 25 baada ya kifo chake, na mwaka 1929 akaandika hadharani kupinga mifuko ya milele. Aliamini kila kizazi kitapata wahisani wake na mahitaji yake, na kwamba mfuko usiokufa huishia kujali uhai wake kuliko kazi yake. Alifariki Januari 1932. Mfuko ulifungwa mwaka 1948, mapema kuliko ukomo aliouweka. Kwa mtu wa pwani yetu wazo hili ni geni. Kuanzia Lamu hadi Unguja tumezoea nyumba au shamba la minazi lililowekwa wakfu daima, mapato yake yaendeshe msikiti au yawatunze maskini. Kuna heshima kubwa katika uamuzi ule, na mimi siupuuzi. Ila mwenye shamba la minazi hakuhifadhi nguvu ya kuwaamulia watu wa bara lingine jinsi ya kuishi. Mabilioni ya dola yasiyo na mwisho hubeba nguvu hiyo, na huirithisha kwa wajukuu ambao sifa yao ya kwanza ni kuzaliwa.

Nguvu hiyo ilitufikia hata sisi. Wakfu wa Phelps-Stokes ulianzishwa mwaka 1911 kwa wosia wa Caroline Phelps Stokes, mwanamke wa familia tajiri ya New York. Mwaka 1924 tume yake ilizunguka Afrika Mashariki ikichunguza elimu, James Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo) akiwa mmoja wa wajumbe. Ilipendekeza Mwafrika apewe elimu ya kilimo, afya na ufundi inayolingana na maisha ya kijijini, kwa kuiga mafunzo ya watu weusi wa Kusini mwa Marekani. Mwaka 1925 shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, kufundisha walimu kwa mtindo huo. Jina lenyewe lilitokana na Anna T. Jeanes, mhisani wa Philadelphia. Baadhi ya yaliyofundishwa pale yalikuwa mazuri, hasa kuhusu afya. Lakini nani aliulizwa? Miaka michache baadaye Wakikuyu walianza kujenga shule zao huru, na moja ya madai yao ya wazi lilikuwa elimu ya vitabu na Kiingereza, ileile ambayo wataalamu wa ng'ambo waliona haiwafai.

Linganisha na yaliyotokea mwaka 1960. Tom Mboya alikuwa na orodha ya wanafunzi waliokwisha kupata nafasi katika vyuo vya Marekani, na mwaka mmoja kabla alikuwa amesafirisha kundi la kwanza la wanafunzi 81. Sasa alikosa nauli ya kundi kubwa zaidi, na wizara ya mambo ya nje ya Marekani ilikuwa imekataa kusaidia. Akaenda kumwona Seneta John F. Kennedy, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Najua ulikuwa mwaka wa uchaguzi na siasa haikukosekana. Ila fedha ile ilifuata mpango ambao Waafrika walikwisha kuupanga: nani aende, asome nini, wapi. Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliosafiri mwaka huo.

Tukirudi kwenye wakfu za leo, kuna jambo ambalo wengi wa wapokeaji hawaliangalii kabisa, nalo ni mtaji wenyewe. Sheria ya Marekani inautaka wakfu binafsi utumie kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya mali yake kwa kazi za hisani, na mishahara na gharama za ofisi zinazohusu kazi hiyo zinaruhusiwa kuhesabiwa humo. Asilimia 95 iliyobaki inakaa sokoni ikizaa faida. Inazaa kutoka wapi? Wakfu unaweza kutoa ruzuku kwa wanakijiji wanaopinga bomba la mafuta huku ukimiliki hisa za kampuni inayolijenga, na pande zote mbili zikaonekana kwenye hesabu zake bila mtu yeyote kushtuka.

Ndiyo maana tangazo la Wakfu wa Ndugu Rockefeller la Septemba 2014 lilikuwa na uzito. Mfuko huo ulianzishwa mwaka 1940 na wajukuu wa John D. Rockefeller, aliyejenga utajiri wake kwa kampuni ya mafuta ya Standard Oil. Ukiwa na mali ya takriban dola milioni 860, ulitangaza kuondoa uwekezaji wake katika mafuta, makaa ya mawe na gesi. Watu wa fedha walionya kwamba utapata hasara. Baadaye mfuko ulichapisha hesabu zake za miaka mitano, na faida yake ilikuwa imezidi kile kipimo cha soko ulichojilinganisha nacho. Wale wanaojiita wa kimageuzi lakini wanasema mikono yao imefungwa na washauri wa uwekezaji hawana tena hoja ya kutosha.

Sasa ruzuku yenyewe. Anayefanya kazi kwenye asasi ndogo anajua wiki zinazoliwa na andiko la mradi: jedwali la viashiria, bajeti iliyogawanywa kwa robo mwaka, hesabu zilizokaguliwa, barua za utambulisho, kisha mfadhili wa pili anataka yaleyale kwa mpangilio mwingine. Fedha ikija imefungwa kwenye mradi. Gharama za uendeshaji zimewekewa ukomo, kwa hiyo mshahara wa mhasibu unakatwa vipande na kugawanywa kwa wafadhili wanne, na mmoja akiondoka mhasibu anabaki na robo tatu ya kazi. Mvua ikibomoa daraja, ofisa wa wanawake aliye kijijini hana ruhusa ya kugeuza fedha ya semina iwe ya mtumbwi. Kisha mwisho wa mwaka asasi inaambiwa haina uwezo wa kitaasisi. Ingeupata wapi?

Dawa inajulikana: ruzuku isiyofungwa na mradi, ya miaka kadhaa, yenye ripoti fupi. Wakfu wa familia ya Segal, wa New Jersey, umekuwa ukitoa ruzuku za namna hii kwa asasi za wenyeji wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 2000 inaelekea ukingoni. Boston kulikuwa na Wakfu wa Chorus, ulioanzishwa mwaka 2006 na Farhad Ebrahimi, kijana aliyerithi mali ya biashara ya programu za kompyuta. Huo ulichagua maeneo machache, yakiwemo vijiji vya makaa ya mawe vya mashariki mwa Kentucky na mji wa Buffalo, ukaahidi ruzuku za miaka mingi bila kuzifunga, ukautumia mtaji wake wote na kufunga milango. Katika maeneo hayo waliopewa ni vyama vya wakazi wenyewe, na walijua mapema fedha itakoma lini.

Zipo pingamizi za kweli, nami nazichukulia kwa uzito. Fedha isiyofungwa inaweza kuliwa. Tumeona asasi za mfukoni, na hakuna mwananchi anayefaidika nazo. Ila fedha iliyofungwa nayo huliwa, kwa risiti zilizokamilika. Anayezuia wizi ni mtu anayeifahamu asasi kwa miaka, anayeitembelea na kuongea na wanachama wake, na hilo linawezekana kwa wakfu mdogo wa familia kuliko kwa serikali. Pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi ni jingine. Mamlaka yakiachiwa, yanaangukia kwa nani? Mara nyingi yanaishia kwa mkurugenzi wa Dar es Salaam au Nairobi anayeongea Kiingereza safi, anayejua kuhudhuria mikutano ya kimataifa. Chama cha wakulima wa Kilosa au cha wavuvi wa Kilifi, chenye katiba kwa Kiswahili na daftari la michango, hakionekani. Wakfu usiopokea ombi kwa Kiswahili kutoka nchi ambako watu huendesha mikutano yao kwa Kiswahili umeshachagua nani asikike kabla hata ya kutangaza maombi. Hili halihitaji mabilioni kulirekebisha. Linahitaji msomaji mmoja mwajiriwa anayejua lugha.

Kuna pia udhaifu usiokwepeka: wakfu wa familia hauna mpiga kura. Mtoto akikorofishana na baba, au soko la hisa likianguka, asasi ya Mwanza inapokea barua ya pole. Hata mfuko wa Rosenwald, baada ya hisa za Sears kuporomoka kuanzia mwaka 1929, ulijikuta na ahadi nyingi kuliko fedha. Ndiyo maana nasisitiza ahadi iandikwe, iwe ya miaka, na fedha ya angalau mwaka mmoja iwe benki ya mpokeaji. Familia nayo ikumbuke kwamba mali ile ilipata msamaha wa kodi ilipoingia kwenye wakfu. Umma wa Marekani uliacha kodi hiyo ili kazi ya hisani ifanyike, kwa hiyo hata kisheria si fedha ya familia tena.

Kwa mkurugenzi anayejiandaa kuomba, kuna nyaraka moja ya kusoma kabla ya kufungua kompyuta kuandika andiko. Kila wakfu binafsi wa Marekani hujaza kila mwaka fomu ya kodi iitwayo 990-PF, nayo ni ya wazi kwa mtu yeyote, bila malipo, mtandaoni. Humo mna jina la kila aliyepewa ruzuku, kiasi na kusudi lake. Mna majina ya wadhamini na malipo yao. Mna orodha ya uwekezaji. Utaona kama neno la kusudi ni "uendeshaji wa jumla" au ni mradi, na ukifungua za miaka mitatu mfululizo utajua kama jina lilelile linarudi au kila mwaka ni wageni. Anza na kurasa za uwekezaji, kisha linganisha na walichokiandika kuhusu maadili yao. Ukikuta tofauti, waulize kwenye mazungumzo ya kwanza, kwa heshima na kwa namba zao wenyewe.